Bwawa la Sahib Bagan: kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja katika Calcutta ya kikoloni

Mwaka 1869 James Bryden, ofisa wa takwimu katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni ya India, alichapisha ripoti nene kuhusu kipindupindu katika eneo la utawala la Bengal. Alikuwa amekusanya hesabu za vifo vya miaka mingi, nyingi zikiwa za askari na wafungwa kwa kuwa hao ndio watu ambao serikali iliwahesabu kwa uhakika. Baada ya kuzipanga hesabu hizo kwa miezi na kwa majimbo, alihitimisha kwamba ugonjwa huo huzaliwa katika ardhi tepetepe ya delta ya mto Ganges, huchukuliwa na pepo za msimu zenye unyevu, kisha hutua mahali na kulipuka upya hali ya hewa inapouruhusu. Kwa maelezo yake, binadamu hakuhitajika kuubeba.

Takwimu zake hazikuwa za ovyo. Vifo vya kipindupindu katika Bengal vilipanda na kushuka kwa msimu, na hata leo watafiti wa ugonjwa huu katika eneo hilo huchunguza mvua, joto la maji na kiwango cha chumvi yake. Udhaifu ulikuwa kwingine: jedwali linalojumlisha mamilioni ya watu kwa mwezi mmoja linaweza kukubaliana na nadharia yoyote inayofuata kalenda. Mvua hufuata kalenda, na vivyo hivyo kujaa na kukauka kwa mabwawa, safari za mahujaji, mwendo wa vikosi vya jeshi na bei ya nafaka. Mwenye kuamini hewa ataiona hewa katika jedwali hilo, na mwenye kuamini maji atayaona maji.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma ripoti za aina hii, ambazo nyingi zimewekwa mtandaoni na maktaba zilizozihifadhi, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuheshimu kazi nyingine, ndogo na ya kuchosha, ambayo haikupata heshima yake wakati ule: kazi ya kumshika mgonjwa mmoja, kumuuliza au kuwauliza jamaa zake, na kumfuata kinyumenyume hadi kwenye chombo alichonywea. Kwa maoni yangu kazi hiyo ndiyo iliyoupindua ubishi wa kama kipindupindu huletwa na hewa au na maji, na utawala wa kikoloni uliokuwa na haja nayo kuliko yeyote ndio uliokuwa umejipanga vibaya kuifanya.

Kipindupindu chenyewe kinauruhusu uchunguzi wa namna hii kuliko magonjwa mengine mengi. Tangu mtu ameze vimelea hadi aanze kuhara zinapita saa chache tu, au kwa kawaida siku mbili au tatu, na mara chache zaidi ya siku tano. Mgonjwa wa kifua kikuu hawezi kukumbuka ni nani aliyemkoholea miaka kadhaa iliyopita, lakini mgonjwa wa kipindupindu, au mkewe ikiwa yeye amekwisha kufa, anakumbuka maji ya juzi yalichotwa wapi. Dalili nazo hazifichiki: kuhara kama maji ya mchele, kutapika, misuli kukakamaa, macho kudidimia, sauti kufifia, ngozi ya vidole kukunjamana, na katika hali mbaya kifo ndani ya siku moja. Mchunguzi anayefika mapema hana haja ya kubishana sana na majirani kuhusu mtu fulani alikufa kwa nini.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka London, mwaka 1854. Daktari John Snow alipokuwa akichunguza vifo vya mtaa wa Broad Street alisikia habari za mjane mmoja aliyefariki Hampstead, mbali na mtaa huo, ambako hapakuwa na kipindupindu. Snow alimwendea mwana wa mjane huyo, akaambiwa kwamba mama alikuwa ameyazoea maji ya pampu ya Broad Street kiasi kwamba chupa yake ilipelekwa Hampstead kwa gari kila siku. Mpwa wake aliyemtembelea na kunywa maji hayo alirudi Islington akafa huko, nako pia hapakuwa na ugonjwa. Vifo hivyo viwili vina uzito kuliko mamia ya vifo vya mtaani, kwa sababu kwa miezi mingi mjane huyo hakuwa amevuta hewa ya Broad Street wala kukanyaga ardhi yake. Kitu pekee kilichomfikia ni maji.

India nako lilikuwapo tukio la namna hiyo, na kwangu mimi linatisha zaidi. Nottidge Macnamara, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Bengal, alilieleza katika kitabu chake kikubwa cha kipindupindu. Mwaka 1861 sehemu ndogo ya kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu iliingia kwa bahati mbaya katika chombo cha maji, na chombo hicho kikaachwa juani mchana kutwa. Asubuhi iliyofuata watu 19 walikunywa maji hayo, kila mmoja akimeza kiasi kidogo tu. Katika muda wa siku tatu watano kati yao wakashikwa na kipindupindu, na wale 14 hawakupatwa na kitu.

Nadhani watu wengi waliosoma habari hiyo walishughulika na wale watano, ilhali mgogoro wa miaka 30 iliyofuata umejificha katika wale 14. Mtu anayeamini kwamba maji ndiyo yanayobeba ugonjwa atasema ushahidi ni huu hapa, wameunywa na wameugua. Asiyeamini atauliza kwa nini theluthi mbili na zaidi walisalimika kama kweli sumu ilikuwa katika maji yale. Siku hizi jibu linajulikana: asidi ya tumbo huua sehemu kubwa ya vimelea, kiasi kilichomezwa kina maana, mtu mwenye njaa au aliyedhoofika hupatwa kirahisi zaidi, na walio wengi kati ya wanaoambukizwa huwa hawaonyeshi dalili yoyote ingawa wanaweza kutoa vimelea katika kinyesi chao. Wakati ule hakuna aliyekuwa na jibu hilo mkononi, kwa hiyo kila mchunguzi wa mgonjwa mmoja mmoja alijikuta na mnyororo wenye pete zilizokatika.

Kabla ya kufika kwenye bwawa la Sahib Bagan lenyewe, katika kiunga cha Calcutta, ni lazima kueleza habari za vifo zilifikaje ofisini, maana hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa mfumo mzima. Katika vijiji vya Bengal aliyeripoti vifo alikuwa mlinzi wa kijiji, aliyeitwa chowkidar. Yeye hakuwa tabibu, na mara nyingi hakujua kusoma wala kuandika. Alikwenda kwenye kituo cha polisi akasema nani na nani wamekufa, na karani akaweka kila kifo katika safu mojawapo ya chache zilizokuwapo: kipindupindu, ndui, homa, maradhi ya tumbo, majeraha, na mengineyo. Safu ya homa ilimeza karibu kila kitu. Mtoto aliyekufa kwa kuhara angeweza kuandikwa kipindupindu kwa sababu jirani yake alikufa nacho wiki iliyopita, au akaandikwa homa kwa sababu mlinzi aliogopa kuleta maofisa kijijini. Taarifa hizo zilipanda kutoka kituo hadi wilaya, kutoka wilaya hadi jimbo, zikipoteza jina, kisha umri, kisha kijiji, na zilipofika mezani kwa mtu kama Bryden zilikuwa zimebaki tarakimu.

Hata mahali ambapo daktari alikuwa tayari kwenda nyumbani kwa mgonjwa, mlango haukufunguka kwa urahisi. Wanawake wa familia nyingi za tabaka la juu, Wahindu kwa Waislamu, walikaa ndani wasionekane na mwanamume mgeni, sembuse mzungu mwenye daftari. Maswali ya msingi kabisa, yaani nani aliteka maji, nani alifua nguo za mgonjwa, zilifuliwa wapi, yalikuwa maswali ya kuulizwa wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na majibu. Tena anayeuliza alikuwa mtu wa serikali ileile iliyoweza kuamuru nyumba ivunjwe au bwawa lifukiwe. Sioni ajabu kwamba majibu mengi yaliyomo katika ripoti ni mafupi.

Calcutta yenyewe ilikuwa miji miwili kwa upande wa maji. Tangu karibu mwaka 1870 maji ya mto Hooghly yalichujwa Palta, kaskazini mwa mji, yakaletwa kwa mabomba, na vifo vya kipindupindu vikapungua sana katika sehemu zilizoyapata. Katika viunga, na katika mitaa ya vibanda iliyoitwa basti, watu waliendelea kutegemea mabwawa ya kuchimbwa. Udongo wa kujengea kibanda au kuinulia kiwanja ulichimbwa papo hapo, shimo likajaa mvua, na shimo hilo likawa la kuogea, kufulia, kuoshea vyombo na kunywa. Vyoo vilikuwa kandokando yake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

Robert Koch, daktari Mjerumani mchunguzi wa vimelea, alifika katika mji huo Desemba 1883. Alikuwa ametoka Misri, ambako mlipuko ulioanzia Dumyat mwezi Juni ulikuwa umezivuta tume mbili za Ulaya, ya Kijerumani iliyoongozwa naye, na ya Kifaransa iliyotumwa na maabara ya Louis Pasteur. Mmoja wa Wafaransa, Louis Thuillier, kijana wa miaka 27, alikufa kwa kipindupindu Alexandria mwezi Septemba. Mlipuko wa Misri ukapoa kabla Koch hajawa na uhakika, akaomba ruhusa ya kwenda India, ambako ugonjwa haukuwa ukiisha. Mwezi Januari 1884 alitoa taarifa kwamba amefaulu kukiotesha pekee kimelea alichokuwa akikiona katika matumbo ya waliokufa, na mwezi uliofuata akakieleza kuwa kimepinda kama alama ya mkato.

Kilichokuwa kikimsumbua ni wanyama. Kanuni alizozitumia yeye mwenyewe katika utafiti wake zilidai kwamba kimelea kilichooteshwa kitiwe katika mnyama mzima na kimletee ugonjwa uleule. Alijaribu panya, nyani na wanyama wengine, na hakuna aliyepatwa na kipindupindu cha kweli. Kwa hiyo alibaki na kimelea kisichokuwa na ushahidi wa mwisho. Hapo ndipo uchunguzi wa wagonjwa wenyewe ulipogeuka kutoka kazi ya pembeni kuwa nguzo ya hoja. Koch alitaja, kwa mfano, wafuaji nguo walioambukizwa kwa kushika nguo za wagonjwa, akisema kwamba maambukizi ya namna hiyo yana thamani ya jaribio ambalo hakuna daktari angethubutu kulifanya kwa binadamu.

Jaribio kubwa zaidi la namna hiyo alilipata Sahib Bagan, katika kiunga cha Baliaghata. Katika vibanda vilivyozunguka bwawa moja la mtaa huo watu 17 walikuwa wamekufa kwa kipindupindu kwa muda mfupi, ilhali ugonjwa haukuwa umeenea kiasi hicho katika mitaa ya jirani. Wakazi waliyatumia maji ya bwawa hilo kwa kila kitu, pamoja na kunywa. Koch alichukua maji, akayachunguza, akakikuta kimelea chake. Mlipuko ulipopungua, vimelea katika bwawa navyo vikapungua. Kisha yakafanyika mahojiano kuhusu mwanzo wa mlipuko, na ikafahamika kwamba nguo za mgonjwa wa kwanza aliyefariki zilifuliwa katika bwawa hilohilo.

Ninalirudia tukio hili mara nyingi ninapofikiria maana ya kuchunguza mlipuko. Hadubini ilikuwa imesema kwamba kimelea kimo majini, lakini hadubini haiwezi kueleza nini kilitangulia. Vimelea vya watu 17 wanaohara kando ya bwawa vingeingia majini vyovyote iwavyo, na mpinzani angeweza kudai kwamba bwawa lilichafuliwa na mlipuko, kwamba halikuuanzisha. Ni taarifa ya nguo iliyoweka utaratibu wa wakati: mgonjwa mmoja, nguo zake, bwawa, kisha wengine. Taarifa hiyo haikutoka maabara, ilitoka kwa majirani waliomwona mtu akifua. Katika maelezo ya Koch majirani hao hawana majina, na mgonjwa wa kwanza mwenyewe anatajwa kupitia nguo zake.

Aliporudi Ujerumani mwezi Mei 1884 Koch alipokewa kwa shangwe na kuzawadiwa marki 100,000. Serikali ya India haikushangilia. Kama kipindupindu kinabebwa na binadamu na maji, basi meli zitokazo bandari za India zilistahili kuzuiwa na kukaguliwa, na tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869 sehemu kubwa ya meli zilizopita humo zilikuwa za Kiingereza. Mwaka 1883 Uingereza ilikuwa imemtuma Misri daktari William Guyer Hunter, naye akaripoti kwamba mlipuko wa huko ulizaliwa palepale Misri wala haukuletwa kutoka India. J. M. Cuningham, Kamishna wa Usafi wa serikali ya India, alikuwa mpinzani mkubwa wa nadharia ya maambukizi, ingawa mwishoni mwa miaka ya 1860, baada ya mamilioni ya mahujaji kukusanyika Hardwar, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganges, mwaka 1867 na kipindupindu kufuata njia walizorudia makwao, msimamo wake ulikuwa tofauti. Sidhani kwamba alinunuliwa. Mtu anaweza kuamini kwa moyo mweupe jambo linaloirahisishia kazi ofisi yake.

(Katika miaka hiyohiyo ya Hardwar na Suez, tabibu Mskoti James Christie alikuwa Zanzibar, ambako mlipuko wa 1869 na 1870 uliua watu wengi sana. Yeye naye alihoji wafanyabiashara wa misafara na mabaharia ili ajue ugonjwa ulifikaje kisiwani, na mwaka 1876 akachapisha alichokikusanya. Kazi yake ni ya njia na misafara kuliko ya mgonjwa mmoja mmoja, na inastahili makala yake pekee.)

Mwaka 1884 serikali ya Uingereza iliwatuma Emanuel Klein na Heneage Gibbes kwenda India kuyakagua madai ya Koch. Ripoti yao ilikubali kwamba kimelea hicho kinaonekana kwa wagonjwa, ikakataa kwamba ndicho kinacholeta ugonjwa. Hoja yao iliyopendwa zaidi ilikuwa ya aina ileile aliyoitumia Koch, yaani bwawa. Walieleza kwamba walikuta bwawa jingine Calcutta lenye vimelea vyenye umbo la mkato, linalotumiwa na familia nyingi, na hakuna aliyeugua. Kwa msomaji wa wakati ule bwawa moja lilifuta jingine, na mkutano wa kimataifa wa afya uliofanyika Roma mwaka 1885 uliahirishwa bila kuamua lolote kuhusu chanzo cha ugonjwa.

Mabwawa hayo mawili hayakuwa sawa hata kidogo, na tofauti yake inaonekana mtu akiuliza ni nani aliyehojiwa. Sahib Bagan palikuwa na vifo vilivyothibitishwa, mpaka wa mtaa uliojulikana, mfuatano wa tarehe na mgonjwa wa kwanza. Katika bwawa la Klein palikuwa na kitu kilichoonekana kwenye hadubini na kutokuwapo kwa ripoti ya ugonjwa. Siku hizi tunajua kwamba maji ya Bengal yamejaa ndugu wa kimelea hicho wanaofanana nacho kwa umbo na wasioleta kipindupindu, kwa hiyo umbo la mkato peke yake lilikuwa ushahidi dhaifu. Tunajua pia kwamba watu wanaweza kuambukizwa bila kulala kitandani. Kutokuwapo kwa ripoti, katika mji ambao ripoti zilipatikana kwa namna niliyoieleza, kulikuwa kithibitisho cha mambo machache sana. Hoja hiyohiyo ya mtu anayemeza na asiugue ilirudi München mwezi Oktoba 1892, pale Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Kijerumani aliyekataa kwamba kimelea peke yake kinatosha kuleta ugonjwa, mwenye umri wa miaka 73, alipokunywa vimelea vilivyooteshwa mbele ya mashahidi na kuishia kuharisha kidogo. Naye alikuwa mmoja tu, kama wale 14 wa Macnamara walivyokuwa 14.

Aliyeichukua kazi ya mgonjwa mmoja mmoja kwa dhati ndani ya utawala wenyewe alikuwa William Simpson, aliyekuwa ofisa wa afya wa Calcutta tangu mwaka 1886. Moja ya uchunguzi wake unaokumbukwa ni wa meli iliyokuwa imetia nanga bandarini, ambamo mabaharia kadhaa walipatwa na kipindupindu wakati wenzao wa chumba kilekile wakiwa salama. Hewa yao ilikuwa moja, chakula kilikuwa kimoja, maji ya kunywa yalikuwa mamoja. Kwa kumhoji kila mmoja ilidhihirika kwamba waliougua walikuwa wamenunua maziwa kwa mchuuzi wa pwani, na wasiougua ama hawakunywa maziwa au walitumia ya makopo. Ufuatiliaji ukaenda hadi kwa mchuuzi, ukakuta kwamba maziwa yaliongezwa maji ya bwawa, na karibu na bwawa hilo alikuwapo mgonjwa wa kipindupindu ambaye uchafu wake ulifika majini. Uchunguzi huu unanipendeza kwa sababu ndani ya meli, tofauti na basti, mchunguzi alijua idadi kamili ya watu, alijua majina yao, na wote walikuwa tayari kusema walichokunywa. Ni mabaharia wa Ulaya. Swali lilelile lingeulizwa kwa mchuuzi lingekuwa mashtaka.

Simpson ndiye pia aliyemkaribisha Waldemar Haffkine, mzaliwa wa Odessa aliyetengeneza chanjo ya kipindupindu katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kujidunga yeye kwanza, mwezi Julai 1892. Haffkine alifika India mwaka 1893 na kuwachanja watu wengi kaskazini, lakini ushahidi ulioishawishi Calcutta ulitoka katika basti moja ndogo. Mwishoni mwa Machi 1894 vilitokea vifo viwili vya kipindupindu katika Kattal Bagan, mtaa wa watu wapatao 200 waliozunguka mabwawa mawili. Haffkine na wasaidizi wake walikwenda na kuwachanja 116 kati yao. Wiki zilizofuata waliugua watu 10, na saba wakafa. Wote 10 walikuwa miongoni mwa wale ambao hawakuchanjwa.

Ukilisoma haraka, tukio hilo linaonekana kama jedwali dogo zaidi la Bryden. Lakini Haffkine aliona mapema pingamizi ambalo lingetolewa: huenda waliokubali sindano walikuwa wasafi zaidi, wenye nafuu zaidi, au walichota kwenye bwawa bora kati ya yale mawili. Jibu lake lilikuwa kushuka chini ya kiwango cha mtaa, hadi kwenye nyumba. Alitaka ulinganisho ufanywe ndani ya kaya moja ambamo baadhi wamechanjwa na wengine hawakuchanjwa, wakiwa wanakula chungu kimoja na kunywa mtungi mmoja. Kaya ambamo hakuna aliyeugua haikuhesabiwa kuwa ushahidi, kwa kuwa hapakuwa na hakika kwamba ugonjwa uliingia humo.

Ili hilo liwezekane, ofisi ya Simpson ililazimika kuweka kumbukumbu ambazo mfumo wa chowkidar haukuwahi kuziweka: jina la kila aliyechanjwa, nyumba yake, tarehe ya sindano, na kurudi nyumbani humo kila kiliporipotiwa kifo cha kipindupindu ili kuuliza nani aliugua na siku ngapi zilikuwa zimepita tangu achanjwe. Kwa njia hiyo yalionekana mambo mawili ambayo hesabu ya mtaa mzima isingeyaonyesha. Katika siku chache za kwanza baada ya sindano aliyechanjwa hakuwa na kinga kubwa kuliko jirani yake, kisha kinga ikapanda, na baada ya mwaka mmoja na ushei ikaanza kupungua tena.